Mlango wa Uani

Kila kitanda kipya kilichoingia hospitali, Matroni alikilalia yeye kwanza. Hakukijaribu kwa kiganja kama tunavyobonyeza godoro dukani. Alivua viatu, akapanda, akalala chali na gauni lake jeupe, mikono kifuani, macho juu. Manesi wanafunzi walicheka huku wamefunika midomo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua akishuka pale ana kazi ya kunipa.

Mara ya kwanza alinilaza hata mimi. Ilikuwa wodi ya watoto, nimeitwa kuziba paa linalovuja.

"Fundi," akasema, "njoo ulale hapa."

"Mimi, Matroni? Na saruji hii mwilini?"

"Tandika gunia, ulale."

Nikatandika gunia, nikalala. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona dari. "Tazama kama mtu mwenye homa," akasema. Hapo ndipo nilipoziona ncha za misumari zilizotokeza kwenye mbao, mstari baada ya mstari, zote zimenielekea usoni. "Ninyi mafundi mnajenga kwa macho ya mtu aliyesimama. Mgonjwa amelala. Hebu zipinde zote." Kutwa nzima nilikuwa juu ya ngazi, shingo inaniuma, namlaani kimoyomoyo. Jioni akaniletea chai ya rangi, akanisifu kidogo tu, nikaenda zangu.

Mimi ni mwashi, mtoto wa mwashi, wa hapa hapa Tabora mjini. Baada ya paa lile nikaitwa tena kwa bomba, kisha kwa dirisha, mwisho nikaajiriwa kabisa kuwa fundi wa hospitali, nikakaa mpaka nywele zimegeuka. Hospitali yenyewe sitaitaja, wala ofisi nitakazozigusa humu, maana wenyewe wapo na wengine tunaswali nao. Na yeye nitamwita Matroni tu. Ndivyo tulivyomwita sote, hata sokoni, hata alipokwisha kustaafu na kuvaa kanga kama watu wengine.

Alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Kipalapala, mfupi, mpana wa mabega, mtu wa kanisa. Lakini mila za sisi waswalihina wa mjini alizijua kuliko baadhi yetu. Aliingia nyumba ya Kiislamu akajua pa kuvua viatu, pa kukaa, na nani asimsalimie mbele ya nani. Wanyamwezi na Wasukuma waliotoka vijijini aliwaamkia kwa "mwangaluka", na wao wakalegea mabega papo hapo, sindano ikaingia bila vita.

Jengo jipya la wazazi lilipokuwa linapigwa plasta, miaka ile ya mwanzo ya Azimio, alinitesa kwa mambo ambayo hakuna ramani iliyoyaandika. Chumba cha kujifungulia, ambacho sote tulikiita leba, kilipangiwa rangi nyeupe. Akakataa. "Mwanamke yuko katikati ya kufa na kupona, nawe unamzungushia sanda?" Tukachanganya chokaa na udongo mwekundu kidogo, ikatoka rangi ya ukuta wa nyumbani. Bomba la kunawia nililiweka kimo cha kawaida. Akalitazama, akajifunga mto tumboni kwa kanga, akaniambia, "Nawe jifunge, unawe." Nilifungwa mto, jamani, mwanamume mzima na ndevu zangu, mbele ya vibarua wangu. Maji yakanimwagikia mpaka magotini. Nikalipandisha bomba.

Benchi za kungojea ndiyo vita kubwa. Seremala alizitengeneza nyembamba ili zikae nyingi. Matroni akamkalisha seremala kwenye benchi moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, akawa kila akipita anamuuliza, "Hujambo?" Adhuhuri seremala mwenyewe akaenda kuongeza ubao.

Msinidhanie nasifia malaika. Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Ukimya wodini ulikuwa sheria, na sheria yenyewe aliitangaza kwa sauti inayofika stesheni. Aliwafukuza wauguzaji, yaani ndugu wanaokuja kuuguza wagonjwa wao, akawaambia moshi wa majiko yao unaua kuliko malaria. Wiki hiyo hiyo nikamkuta amechuchumaa kwao uani, anakula ugali na mlenda, ananituma niwajengee banda la kupikia upande usio na upepo. Aliapa kwamba haamini ushirikina, lakini jaribu kupanga kitanda miguu ikielekea mlangoni uone. "Kwa usafi tu," angesema, na kukigeuza mwenyewe. Damu haikumtisha, wala mtu aliyekanyagwa na ng'ombe, wala kichaa mwenye panga. Masika chura akiingia wodini, loo! Alipanda juu ya kiti akaniita kwa jina langu kamili.

Na alikuwa mkali wa kushukuriwa. Mama mmoja wa Nzega alitaka mtoto aitwe jina lake. Matroni akamjia juu kana kwamba ametukanwa. "Mpe jina la bibi yake. Mimi nimefanya kazi." Misemo yake ilikuwa ya namna hiyo, mikavu. Ule alioupenda kuliko yote ni huu: "Pole haikandi mgongo." Akikuta nesi amesimama kitandani anasema pole, pole, pole, humsukuma kando akaanza kukanda yeye.

Msemo huo niliusikia kwa mara ya kwanza nyumbani kwangu, na hapo ndipo mambo ya mlango yalipoanzia. Ilikuwa kabla ya jengo jipya.

Hospitali ya zamani ilikuwa na mlango mmoja, mbele, juu ya ngazi. Kwenye baraza la mbele ndiko walikokaa wanaume wanaongojea daktari. Mke wangu uchungu ulimshika asubuhi, mimba yetu ya kwanza. Mama yangu akamfunika kanga, wakatembea pole pole hadi hospitali. Walipofika kwenye ngazi, nani amekaa pale juu? Baba yangu. Alikuja kwa ajili ya kifua chake, kakaa na wazee wenzake wa msikitini. Ili kuingia ilimpasa mke wangu apite katikati ya magoti yao, na hali yenyewe ilikwisha kuwa ile, maji yamemwagika, nguo imelowa. Kwetu mjini hiyo ni aibu. Kwao mke wangu, watu wa shamba wa Uyui, mkwe kukuona hivyo ni mwiko usiosemeka. Akasimama chini ya ngazi. Akamwambia mama, "Turudi."

Mama hakubisha. Hapo ndipo paniumapo mpaka leo. Mama yangu, aliyezaa watoto saba, hakubisha, maana hata yeye aliona ndivyo inavyopasa. Wakarudi nyumbani. Mtoto akafa. Mke wangu alipona kwa rehema ya Mungu tu. Baba tulimwambia kwamba mtoto hatukujaliwa. Hatukumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekaa mlangoni, na alifariki bila kujua.

Siku ya tatu Matroni akaja nyumbani. Hakusema pole. Alikaa mkekani, akamgeuza mke wangu upande, akamkanda mgongo kimya kwa muda mrefu, na alipomaliza ndipo akautoa msemo wake. Kisha akamuuliza, "Uliona nini pale hospitali?"

"Nilimwona mkwe."

"Basi mwenye makosa ni mlango, mwanangu. Si wewe." Akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama kizingitini kama mgeni. "Fundi, nyumba hii wanawake wanapita wapi, wakiwa na wageni wanaume barazani?"

"Wanapita uani."

"Hospitali haina uani," akasema. "Ndiyo maana mnazika."

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja duniani: mlango wa uani. Mwanamke atoke kwake, apite vichochoro vya nyuma kama anakwenda kuomba chumvi kwa jirani, aingie leba bila mwanamume yeyote kumtolea macho. Iliposemwa kwamba tutajengewa jengo jipya la wazazi, akaandika barua ofisi ya ujenzi. Niliiona barua hiyo. Kiswahili chake kilikuwa cha adabu, maneno yamepangwa kama vikombe kabatini: *Naomba jengo liwe na mlango wa uani kwa ajili ya akina mama, wapate stara.* Jibu likaja upesi kuliko kawaida: *Ombi lako la mlango wa uani kwa ajili ya akina mama, wapate stara, limekubaliwa. Mlango utakuwa wa mbao za mninga.* Alilisoma kwa sauti wodini. Manesi wakapiga vigelegele na yeye hakuwanyamazisha.

Kazi ikaanza. Matofali yalichomwa na wananchi wenyewe, kila nyumba kumi na zamu yao, wanawake wakiyabeba kichwani kutoka tanurini huku watoto mgongoni. Plasta ya ndani ilipokwisha, upande wa nyuma ukiwa bado, Matroni akatumwa Igunga kwenye kampeni ya chanjo, akakaa huko wiki nyingi. Akaniambia, "Fundi, nakuachia mlango wangu." Nikamwambia, "Umefika."

Ramani ya upande wa nyuma ikaletwa akiwa hayupo. Nyuma ya leba palichorwa choo, kimeshikana na jengo, kikitazama nje kwenye kichochoro, na ubavuni pameandikwa: mlango, mninga, kitasa. Nikajenga. Mlango nikautundika mwenyewe, mzuri kupita wa nyumba ya bwana mkubwa, mwekundu, umepigwa msasa mpaka unateleza. Nikajiambia, mlango wa Matroni utakuja kwenye karatasi nyingine. Mwashi hujenga karatasi aliyopewa. Mjinga mimi!

Alirudi kutoka Igunga na vumbi la lori bado liko kwenye nyusi, hakupita hata kwake. Akazunguka jengo mara mbili. Akaufungua ule mlango wa mninga, akaliona sinki la choo, jipya, linang'aa, halijaungwa hata bomba.

"Fundi, mlango wangu uko wapi?"

Nikaonyesha nilichokuwa nacho cha kuonyesha. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke.

Tukaenda wote ofisi ya ujenzi. Karani akaitoa barua, akaeleza kwa heshima zote, na ukimsikiliza humlaumu. Kwao mtu mwenye adabu hasemi anakwenda chooni, husema anakwenda uani. Nao waliposoma mama mtu mzima anaomba mlango wa uani, akina mama wapate stara, wakasema maskini, ameona haya kuandika choo. Wakamsitiri. Wakampa choo chenye mlango mzuri kuliko vyote mkoani.

"Nimeomba njia, mmenipa haja," Matroni akasema.

Bwana Ujenzi, mkuu wa ofisi ile, alikuwa mtu mchangamfu, akacheka. Akasema jengo limekwisha, mgeni rasmi amekwisha kualikwa, aandike barua nyingine mwakani. Isitoshe mlango wa mbele upo, mpana, una ngazi nzuri. "Mama, tusifichane," akasema. "Mficha uchi hazai."

"Anazaa, bwana," Matroni akajibu. "Anazaa nyumbani, na mtoto anakufa." Alisema hivyo bila kunitazama, na mimi nikatazama sakafu.

Tulipofika akaenda moja kwa moja kwenye kile choo, akaingia, akagonga ukuta wa ndani kwa vifundo vya vidole.

"Nyuma ya huu kuna nini?"

"Korido ya leba."

"Unene?"

"Tofali moja."

"Basi mlango ninao. Kilichobaki ni ukuta." Akanitazama. "Jumamosi, saa tatu asubuhi. Uje na tindo kali."

Nikamwambia tufanye jioni watu wakipungua. Akasema mwizi ndiye abomoaye gizani. Mimi, sitaki kusema uongo, niliogopa. Siku zile kugusa mali ya umma halikuwa jambo la mchezo. Mtu angeweza kulala ndani kwa bati moja. Ijumaa usiku mzima nilijigeuza kitandani, na alfajiri nikamwambia mke wangu kwamba tumbo linaniuma. Akaniangalia. Mke wangu hakuwa msemaji, na tangu yale yatufike alizidi kunyamaza. Akasema, "Tumbo likuume tu. Usipokwenda wewe, nakwenda mimi na mchi."

Nikaenda. Sinki nililing'oa zima kwa sababu Matroni alisema tusivunje kitu kinachofaa; choo kingine kingechimbwa mbali, mwisho wa uwanja. Kisha nikaupiga ukuta. Manesi wakabeba kifusi kwa makarai. Mlio wa nyundo ukawatoa wanawake wa vichochoroni, wakaja na kanga viunoni, hawakuuliza, wakashika makarai nao. Mmoja akaokota tofali, akaligeuza, akasema, "Hili nililifyatua mimi, lina kidole changu." Saa sita kasoro uliweza kusimama kichochoroni na kuona kitanda cha leba.

Ndipo Bwana Ujenzi akafika, mbio, na shati nje.

"Mama! Unaharibu mali ya umma!"

"Siharibu, bwana. Nawapitisha wenye mali."

"Nani kabomoa hapa?"

Nilikuwa na nyundo mkononi na vumbi mpaka kwenye kope. Hata kipofu angejua. Matroni akanisogelea, akaichukua nyundo mkononi mwangu kama unavyompokonya mtoto kisu, akasema, "Mimi." Hapo palikuwa na watu tele, na wote walikuwa wamenitazama nikibomoa tangu asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Bwana Ujenzi akanitazama, akaitazama nyundo, akaandika jina la Matroni. Nilipaswa kusema. Sikusema. Nilikuwa na mama mjane sasa, na mke, na woga.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe kwenye mlango wa mbele, ngoma zikapigwa, na hakuna aliyempeleka nyuma. Mwezi uliofuata Matroni akahamishiwa zahanati ndogo upande wa Kaliua. Aliondoka na treni ya Kigoma, sanduku moja la bati na kapu. Nilimsindikiza stesheni nikiwa nimejaa maneno ya kuomba radhi, kifua kizima. Alinikatiza dirishani.

"Kitasa, Fundi."

"Kitasa gani?"

"Cha mninga. Kitoe. Leba haifungwi kwa ufunguo."

Treni ikaondoka, na mimi nikarudi nikakitoa kitasa siku ile ile, nikaziba tundu lake kwa kipande cha mbao.

Je, walikuja? Mimi si mtu wa vitabu vya hospitali, lakini springi za vitanda nazijua. Katika jengo la zamani springi za wazazi zilidumu. Nilizigusa mara moja moja. Katika jengo jipya sikupumzika. Kila wiki kitanda kimelegea, magurudumu yameisha, kamba za vyandarua zimekatika. Nikiwa nimelala chini ya kitanda chumba cha pili na koleo langu nilisikia miguu ikiingia kwa nyuma, ndala za mjini, nyayo tupu za shamba, na mafuta ya mawese ya mabibi yakinukia. Nilifurahi, na kila nilipofurahi niliona haya, kwa sababu aliyelipia alikuwa Kaliua.

Alikaa huko mpaka akastaafu. Akarudi kwao Kipalapala, akalima karanga. Tulionana mara chache, sokoni au msibani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza bomba la leba halivuji, nikasema halivuji, basi.

Akaja Mganga Mkuu mpya. Kijana, amesomea ng'ambo, mpole, hana makuu. Anashika ufagio mwenyewe akiona uchafu. Mablanketi yalikuwa yanaibwa. Akazunguka jengo na ramani mkononi, akafika nyuma, akasimama.

"Fundi, huu mlango kwenye ramani ni wa choo."

"Ndiyo, daktari."

"Kumbe watu wanapita chooni kuingia leba? Hawapiti mapokezi, hawaandikwi, hawajulikani?"

Nikajaribu kumweleza. Nilieleza vibaya, nikigugumia, kwa sababu katikati ya hadithi yenyewe nimo mimi na nyundo. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema mambo hayo yalikuwa ya zamani, wanawake wa sasa wameelimika, na yeye ana dhamana ya mali na usafi. "Jumatatu uzibe," akasema.

Jumapili nikapanda baiskeli hadi Kipalapala. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, anamenya karanga, jicho moja limeingia ukungu, magoti yamevimba. Nikamwambia yote. Hakuacha kumenya.

"Umekuja kuniomba ruhusa au kuniomba radhi?"

"Vyote viwili," nikasema. Na hapo hapo, baada ya miaka yote ile, yakanitoka. Nikamwambia siku ile ilinipasa kusema ni mimi. Nililia, mtu mzima, mbele ya ungo wa karanga.

"Ungesema tungehamishwa wawili," akasema, "na mlango usingekuwa na wa kuutunza. Futa uso. Mimi sina hospitali, Fundi. Nina karanga. Anayetaka kuziba na azibe."

Nikarudi mjini nimevunjika. Nilidhani uzee umemshinda.

Jumatatu asubuhi nikachanganya saruji pembeni mwa jengo, nikabeba karai tupu na mwiko, nikazunguka nyuma. Nikamkuta amekaa mlangoni. Katikati kabisa, juu ya kigoda chake, mgongo kwenye fremu moja na magoti kwenye fremu nyingine, kapu la karanga pembeni. Sijui alitoka kwake saa ngapi na magoti yale.

"Ziba," akaniambia.

"Matroni..."

"Ziba tu. Anzia miguuni."

Nikakaa juu ya karai lililopinduliwa. Saruji ikaanza kukauka. Baada ya muda Mganga Mkuu akaja kuona kazi imefika wapi. Hakumjua, aliona bibi wa shamba na kanga yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hapa tunajenga. Unamngoja mgonjwa wako?"

"Namngoja."

"Anaitwa nani? Nikakutafutie wodini."

"Simjui."

Kijana akanitazama. Mimi nikautazama mwiko wangu. Akataka kusema neno, nadhani angesema kwa upole, ndivyo alivyo, lakini kichochoroni pakatokea wanawake wawili. Mmoja mtu mzima, mwingine binti mdogo wa umri, kanga imemfunika hadi machoni, anatembea hatua tatu anasimama, anashika ukuta, anatembea. Walimwona daktari na koti lake jeupe. Binti akasita. Daktari naye, nampa haki yake, akasogea kando akageuza uso.

Matroni akavuta magoti kifuani, nikasikia yakilia. Binti akafika, akamwekea mkono begani kama unavyoshika mwimo wa mlango wa kwenu, akavuka kizingiti, akaingia. Yule mtu mzima akafuata nyuma yake. Ndani nesi akasema, "Lala hapa, mama," na kitanda kikalia.

Mganga Mkuu akaugeukia mlango. "Hawakupiga hata hodi," akasema, kwa mshangao tu, si kwa hasira.

"Nani hupiga hodi kwake?" Matroni akamjibu.

Kijana akasimama pale na ramani yake imekunjwa mkononi, anasikiliza. Yule binti ndani alikuwa ameanza kuita mama yake, kisha Mungu, kisha mama yake tena. Mwisho daktari akanigeukia. "Fundi, saruji hii itakauka. Ipeleke wodi ya wanaume, sakafu imebomoka kwenye kona." Akaenda zake, akazungukia mbele.

Nililijaza karai, lakini sikuondoka. Matroni hakuinuka. Jua likatufikia, nikamwambia asogee kivulini, yeye sikio ameligeuzia ndani. Alikaa hivyo mpaka mtoto alipolia.

"Nishike mkono, Fundi," akasema. "Magoti yamekufa ganzi."